Nguzo ya Kumi na Saba

Zahanati, 3 Februari

Mdogo wangu Mrefu,

Barua yako ya Desemba ilinifikia imelowa chai ya dereva wa lori, lakini inasomeka. Usihangaike na simu. Huko milimani kwenu mtandao haufiki, na huku kwetu unashika ukipanda juu ya tangi la maji, na mimi kwa kilo zangu hizi tangi silipandi ng'o. Tuendelee na barua.

Tumeletewa mashua. Si ya injini, ile ilikufa Oktoba na haikufufuka. Hii ni ya tanga, nayo ina matumbo mawili membamba, kama mitumbwi miwili iliyogombana ikawekewa umbali na vyuma viwili katikati. Kati ya matumbo hayo unafunga turubai gumu, ndipo watu wanapokaa. Wenyewe wanaiita katamarani. Wagonjwa wangu wanaiita Pacha.

Unajua kwa nini niliiomba. Novemba yule mama wa ng'ambo alifariki akijifungua, mimi nikiwa nimesimama ufukweni na mkoba wangu wa ukunga, nasubiri chombo cha kunivusha. Nilisimama saa tatu nzima. Sitaki kusimama pale tena.

Basi mkufunzi aliyekuja nayo ni binti mdogo mwenye sauti ya sajenti. Alikaa nasi siku nne. Siku ya kwanza hatukugusa maji, tulijifunza kuiunga tu. Turubai linafungwa kwa kamba kama unavyofunga kiatu, na hapo shemeji yako akatuaibisha wote. Fundi cherehani kwa kamba, nani amshinde? Halafu mlingoti: mrefu, wa alumini, mwepesi kuliko unavyodhani. Kitako chake kinakaa kwenye kikombe cha chuma, mmoja anausukuma juu, mwingine anavuta, kisha nyaya tatu zinaushikilia usianguke. Siku ya tatu tulikwenda majini na mkufunzi akatupindua makusudi. Kuiinua mashua iliyolala unasimama juu ya tumbo la chini, unashika kamba, unajilaza nyuma kwa uzito wako wote. Vijana wawili wa ghala la zahanati walijaribu, wapi. Nilipojilaza mimi, ikaamka mara moja. Mkufunzi akasema, "Nesi, wewe ndiye nahodha." Mara ya kwanza maishani kilo zangu kusifiwa.

Amekwenda zake. Sasa tunajifunza wenyewe kwa kijitabu. Kula vizuri.

Dada yako

•

Kambini, 14 Februari

Dada,

Nimecheka mpaka wenzangu wakataka niwasomee. Nimewasomea, isipokuwa ile sehemu ya kilo.

Nina maswali. Hiyo mashua mnaiungia wapi? Mlingoti mnausimamisha mkiwa wapi, na mkishausimamisha mnaipitisha njia gani kwenda majini? Niambie kwa kirefu.

Na hata kabla hujanijibu, nifanyie jambo moja. Mlingoti usimamisheni majini, maji ya kiuno, si nchi kavu. Ipelekeni mashua ufukweni mlingoti ukiwa umelazwa. Najua ni usumbufu. Alumini na waya wa umeme havitakiwi kukaribiana, basi, ni tahadhari ya kawaida tu, tunawaambia watu wote. Usiogope. Fanya hivyo kwa ajili yangu.

Msalimie shemeji. Ile suruali aliyonishonea bado inadai miaka mitano mingine.

Mrefu

•

Zahanati, 26 Februari

Mrefu,

Umezeeka kabla ya wakati. Maswali kama ya hakimu.

Tunaiungia uani, nyuma ya chumba cha chanjo, penye saruji. Ufukweni ni mawe matupu, na wimbi likipiga huwezi kulenga kitako cha mlingoti kwenye kikombe. Tumejaribu mara mbili, mara ya pili nusura unipasue kichwa. Kwa hiyo tunausimamisha uani, tunaiweka mashua juu ya kigari chake cha magurudumu mawili, tunaisukuma kwenye ile njia ya mteremko mpaka majini. Dakika kumi.

Waya wa umeme unaokatiza juu ya njia hiyo tumeutazama. Mkufunzi naye alituambia tuangalie juu. Jana asubuhi tulisimama chini yake, shemeji yako akakinga jua kwa mkono, akasema nafasi ipo tele. Halafu akasema, "Na kama aliyeuvuta ni shemeji, mimi sina hata haja ya kutazama." Umesahau kwamba ni wewe? Wiki tatu ulilala kwenye kochi letu mwaka jana, miguu ikining'inia nje. Wageni wakaja, utepe ukakatwa, friji ya chanjo ikawaka, nami nikawaambia watu wote kwamba yule pale juu ya nguzo ni mdogo wangu.

Tunaishusha rasmi Jumamosi ya tarehe kumi na nne Machi. Mzee mwenyekiti wa kamati ya zahanati ataleta maneno yake marefu, kwa hiyo tutachelewa, labda saa saba mchana. Natamani ungekuwepo.

Dada yako

•

Hospitali ya wilaya, 19 Machi

Mrefu,

Kaa chini ndipo usome.

Shemeji yako yuko hai. Nimeanza na hilo.

Jumamosi ile tulisimamisha mlingoti uani. Mwenyekiti alizungumza, jua likawa kali, watu wakaanza kujifunika vichwa kwa kanga na magazeti. Saa saba na robo tukaanza kuisukuma. Watu wanne walikuwa nyuma, wameshika matumbo ya plastiki. Fundi alikuwa mbele, ameshika ule waya wa mbele wa mlingoti ili usiyumbe. Mimi nilikuwa pembeni nasema kushoto, kulia, taratibu.

Nilisikia sauti kama mtu anachana kitambaa kipya. Hakukuwa na moto. Sijui kwa nini nilitazamia moto. Fundi alisimama vile vile alivyokuwa, amenyooka, kisha akaanguka. Mashua ikaendelea yenyewe kwenye mteremko, mlingoti ukatoka kwenye waya, ikaenda kugonga mawe. Wale wanne wako salama, walikuwa wameshika plastiki. Nikawapigia kelele wasimguse. Nilijisikia nikipiga kelele lakini sauti haikuwa yangu.

Kisha nikaona mashua iko mbali, nikamwendea. Hakuwa na mapigo. Mrefu, miaka ishirini na mbili nafundisha watu kubonyeza kifua kwa mdoli wa mpira. Nilimbonyeza mume wangu, nikihesabu kwa sauti. Ubavu mmoja nilimvunja, niliusikia. Sijui ilikuwa muda gani. Mwenyekiti anasema dakika nne. Akakohoa.

Mkono wa kulia wamekata vidole vitatu. Wayo wa kushoto una tundu pale umeme ulipotokea. Anakula uji. Jana aliuliza kama mkasi wake mkubwa umewekwa mahali pakavu, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Wewe ulituonya. Uliniandikia waziwazi, majini, si nchi kavu, nami nikakujibu kwa mzaha. Barua yako nimeisoma tena mara nyingi. Ni mimi niliyesema tusimamishe uani. Kila mtu amesikia nikisema.

Sielewi jambo moja tu. Tulitazama. Mrefu, mimi na yeye tulisimama pale tukatazama.

Dada yako

•

Kambini, 30 Machi

Dada,

Pole. Nimeanza barua hii mara sita. Mungu amponye.

Usijilaumu. Tafadhali usijilaumu.

Nitaandika tena.

Mrefu

•

Nyumbani, 8 Aprili

Shemeji,

Mwandiko huu ni wa dada yako, maneno ni yangu. Amenionya nisiseme mengi maana ana nguo za kufua, kwa hiyo kama sentensi imekatika ghafla ujue ni yeye.

Tumerudi nyumbani. Natembea kwa gongo. Nimejaribu cherehani kwa mkono wa kushoto, mshono ulikwenda kama njia ya mlevi, lakini mguu unakanyaga vizuri. Wateja wananiletea nguo za kupunguza tu, kwa huruma. Nazipokea.

Barua yako ya kututahadharisha dada yako amenisomea. Nataka nikuambie: wewe peke yako ndiye uliyetufikiria. Mkufunzi alisema tutazame, tukatazama. Mwenyekiti hakusema kitu. Wewe uko milimani, hujaiona hata mashua yenyewe, ukajua. Mtu wa kazi ni mtu wa kazi. Nilipolala pale hospitalini nilisema nikipata mdomo wa kuzungumza, wa kwanza kumshukuru ni shemeji yangu.

Asante, ndugu yangu. Na ukimwandikia dada yako mwambie aache kujitesa. Mimi nikimwambia anasema nisogee anataka kufagia.

Shemeji yako, Fundi

•

Kambini, 20 Aprili

Dada,

Soma hii ukiwa peke yako.

Mlipotazama ule waya ilikuwa asubuhi. Asubuhi kuna baridi, waya umejikaza. Mchana jua likiupiga unarefuka, unalegea, unashuka katikati. Wewe hukuwa na jinsi ya kulijua hilo. Mimi nalijua. Ndiyo kazi yangu.

Kati ya nguzo yenu ya kumi na sita, pale kwenye mkorosho, na ile ya kumi na nane, karibu na choo cha wagonjwa, ilipaswa kuwepo nguzo ya kumi na saba. Ilipasuka siku tulipoishusha kwenye lori. Kuagiza nyingine ilikuwa wiki tano, na siku ya kukata utepe ilikwisha kutangazwa. Wakubwa wangu walikuwa wanauliza kila siku. Na wewe, dada, ulikuwa umekwisha kuleta chanjo, umeziweka kwenye barafu.

Nikavuta waya moja kwa moja, kutoka kumi na sita hadi kumi na nane. Niliukaza kadiri ulivyokubali. Siku iliyofuata saa saba mchana nilikwenda na kijiti changu cha kupimia nikapima juu ya ile njia ya mteremko. Ilitakiwa mita tisa. Zilikuwa saba kasoro kidogo. Nilipima mara mbili. Kisha nikaenda kula chakula ulichonipikia, na jioni nikajaza fomu kwamba nguzo zote ishirini na mbili zimesimama. Nilijiambia hakuna kitu kirefu kitakachopita pale. Watu wanapita na ndoo.

Ulipoandika habari ya mlingoti nilijua mara moja. Ningeweza kukuambia: nguzo haipo, waya uko chini, msipite. Maneno sita. Badala yake nikaandika tahadhari ya kawaida, kwa sababu maneno hayo sita yangenitoa kazini.

Barua ya shemeji nimeipata. Nimeshindwa kulala mahali ilipo, nimeihamishia kwenye gari.

Sina la kuomba. Nimekuambia wewe kwanza.

Mrefu

•

Zahanati, 4 Mei

Barua yako nimeisomea chumba cha dawa, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Nilipomaliza nikahesabu paracetamol. Sijui kwa nini. Nilizihesabu zote, makopo yote, kisha nikatoka nikachoma sindano watoto kumi na mmoja.

Mchana nilikwenda kusimama kwenye ile njia. Ni kweli. Mtu akijua anachotazama anakiona. Mkorosho, halafu pengo kubwa, halafu choo. Mwaka mzima nimepita chini yake.

Sasa nikueleze yaliyotokea huku, maana sikukuandikia yote. Kamati ilikaa tarehe kumi na mbili Aprili. Waliuliza nani aliamuru mlingoti usimamishwe uani. Nikasema mimi. Wakauliza kama nilipewa onyo. Nikasema ndiyo, na barua yako nikawaonyesha. Niliwapa mwenyewe. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti mbele ya watu, akasema, "Nesi, mdogo wako alikuandikia na hukusikia." Mashua wameifunga kwa mnyororo kwenye mti. Wagonjwa wa ng'ambo wamebaki na kupiga kasia nusu siku. Wanawake wengine hawaniletei tena watoto, wanamngoja muuguzi wa pili. Nikipita sokoni mazungumzo yanakatika.

Sikuwaambia habari ya nguzo kwa sababu sikuijua. Sasa naijua na bado sijawaambia. Hapo ndipo uliponiweka. Nikifungua mdomo namfunga mtoto niliyemlea mwenyewe baada ya mama kufariki. Nikinyamaza, mume wangu anamwombea dua kila jioni mtu aliyemkata vidole.

Yeye hajui. Barua yako iko ndani ya kopo la bandeji. Jana alinitania kwamba nimeanza kuweka chumvi mara mbili.

Usiniandikie kuniomba msamaha. Andika ukiwa umefanya kitu.

•

Mjini, 25 Mei

Dada,

Nimefanya.

Jumatatu nilishuka na lori hadi makao makuu, nikaomba kuonana na mhandisi. Nilisimama mbele ya meza yake nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alikuwa anakunywa maji, akaiweka glasi chini taratibu sana. Akauliza, "Kuna mtu alikulazimisha?" Nikasema hapana. Akauliza tena, nadhani alitaka niseme ndiyo. Nikasema hapana, ni mimi.

Wamenisimamisha kazi. Nguzo inaletwa wiki ijayo, wamesema itakuwa matengenezo ya kawaida. Wamenitaka nisimwandikie wala kumwambia mtu yeyote habari hii mpaka uchunguzi uishe. Nakuandikia.

Niko kwa rafiki yangu mwashi, namchanganyia zege ili nisile bure. Dada, nije? Sijui nikifika nitasimama wapi, nitamtazama shemeji sehemu gani ya mwili. Ukisema nisije sitakuja. Ukisema nije, nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Mrefu

•

Nyumbani, 16 Juni

Shemeji,

Mkono ulioandika hii ni wa kushoto, uvumilie. Nimeanza jana asubuhi.

Dada yako alinisomea barua zako mbili, ya Aprili na ya Mei, siku nguzo ilipokuja. Walikuja watu wanne na gari, wakachimba shimo, wakasimamisha, wakahamisha waya, wakaondoka. Niliwauliza kuna nini, wakasema matengenezo. Niliporudi ndani nikasema, "Umeme wametukumbuka leo." Dada yako akakaa chini sakafuni, kwenye sakafu hasa, akaniambia nifunge mlango.

Siku tatu nilikanyaga cherehani bila kitambaa. Si kwa hasira peke yake. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyokaa miaka yote ina chumba kingine. Nilikuwa nikikumbuka wewe kwenye kochi letu, unacheka, miguu nje. Ulikuwa umekwisha kupima. Ulikula chakula chetu ukiwa umekwisha kupima. Hilo linanishinda kuliko vidole.

Ile barua yangu ya kukushukuru usiichane, wala usinirudishie. Kaa nayo.

Sasa sikiliza lililotokea. Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, kuliletwa habari kwamba mama mmoja ng'ambo anavuja damu, mimba ya miezi minane. Dada yako alikwenda kwenye ule mti na koleo la kukatia nondo, la mwashi anayejenga shule, akakata mnyororo wa kamati mbele ya watu. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemzuia. Alipotaka kuisukuma peke yake nikatupa gongo nikashika upande wa pili. Tukaipeleka mlingoti ukiwa umelazwa, mpaka maji ya kiuno. Wimbi lilikuwepo. Mara mbili kitako kilikosa kikombe, mara ya tatu nikakizuia kwa bega, yeye akainua, ukasimama. Mimi nilifunga nyaya kwa meno na mkono mmoja. Yeye akapandisha tanga. Sijawahi kuona kitu kama kile, shemeji. Tumbo moja likanyanyuka juu ya maji, naye akajilaza nje kama alivyofundishwa, anapiga kelele nisogee, nisogee. Dakika thelathini na tano tulikuwa ng'ambo. Mama yuko hai. Mtoto ni mdogo kama mkate, yuko hai.

Tuliporudi, mwenyekiti alikuwa anatungoja ufukweni. Ameitisha kikao kwa kosa la kukata mnyororo na kuchukua chombo kilichozuiwa, na kwa kuwa ni mara ya pili watapendekeza aondolewe. Kikao ni Jumamosi ya tarehe ishirini na saba, saa nne, kwenye kivuli cha chumba cha chanjo. Watakuwepo na wale wanne waliokuwa wakisukuma siku ile, wanaodhani mpaka leo kwamba nusura nesi awaue.

Nimemwambia awaambie habari ya nguzo. Amekataa. Anasema hawezi kukushtaki kwa mdomo wake, kwamba hilo ni lako kulisema au kulinyamazia. Sikubaliani naye lakini unamjua.

Umeuliza kama uje. Njoo. Sikuahidi nitakupa mkono, na kochi nimelihamishia kazini. Njoo Ijumaa ulale kwa mtu mwingine, Jumamosi saa nne usimame pale mbele yao, useme ulichomwambia mhandisi, na uwaonyeshe kwa kidole nguzo iliyosimama juzi. Ile barua yako waliyomsomea dada yako wameiweka kwenye faili lake. Waambie waisome tena, na wewe uwaelezee kila mstari.

Yeye hajui kama nimekuandikia. Akiniuliza kesho kwa nini vidole vina wino, nitasema nilikuwa nafanya mazoezi ya mkono.

Fundi